Sauti Tulizozifuta

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Mususa, Butembo, na simu zenu mpya, mkiniuliza kazi ya kuchunguza lugha inaanzia wapi, huwa nawajibu kwamba inaanzia kwenye kikombe cha chai. Mnacheka, mnaandika. Msiandike hilo. Andikeni hili nitakalowaeleza sasa, ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nikiliruka kila mnapoketi kwenye baraza yangu, kwa sababu lilikuwa linanitia aibu.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku nikiamka bila wasiwasi, nitaanza kuhangaika umeenda wapi. Nilifanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini nikiwa na roho mkononi: mvua isilowanishe daftari, mawe ya redio, yaani betri, yasiishe katikati ya hadithi, barabara isifungwe tukiwa upande wa pili. Mara nyingi wasiwasi ulinisaidia. Mara moja ulinidanganya, ukaniambia niogope vitu na nisiogope kwa ajili ya watu.

Sikuingia kazini kwa mlango mkubwa. Nilikuwa mpiga mashine ya kuandika katika ofisi ndogo ya kanisa hapa Butembo, ofisi iliyokuwa ikikusanya maneno ya lugha za Beni na Lubero. Mkubwa wake alikuwa Mwalimu Paluku, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa koti hata juani. Siku moja nilimrudishia karatasi yake nikamwambia kwamba neno hili la Kinande, kwetu Kalunguta, babu yangu halisemi hivyo alivyoliandika yeye. Akaniambia nifumbe macho, akalitamka neno lile kwa namna nne, mimi nikimwambia kila moja ni ya mtu wa wapi.

"Bon," akasema. "Wewe uko na masikio. Vidole vya kupiga mashine tutatafuta kwa mutu mwengine."

Hivyo ndivyo nilivyoacha kiti chenye mto nikaanza kukalia vigogo.

Alinifundisha kwamba lugha haisikilizwi kwa masikio peke yake. Katika Kimvuba, lugha ya watu wachache wa upande wa msitu, kupita Oicha, kuna b ambayo haitoki nje kama b yetu. Mtu anaivuta ndani kidogo, kama anayetaka kuimeza. Mimi Mnande nilisikia b ya kawaida tu. Mwalimu Paluku akaniambia nitazame koo: b ile inapotamkwa, koo linashuka. Basi nikawa natazama makoo ya watu. Nilitazama koo la mzee mmoja asubuhi nzima mpaka akamwita mke wake.

"Mama, kuja uone. Uyu mwanamuke anaangalia shingo yangu sawa vile anataka kuchinja kuku."

Tangu siku ile nikajifunza kumweleza mtu kabla ya kuanza: nitatazama hapa, kwa sababu hii. Ninyi mna video, mnaweza kutazama koo la mtu nyumbani kwenu mkila mihogo. Lakini mwelezeni kwanza.

Kupanda na kushuka kwa sauti kulinitesa zaidi. Neno moja likipanda ni kitu hiki, likishuka ni kingine, na mimi masikio yangu yalichoka baada ya saa mbili. Mwalimu Paluku alikuwa na dawa: mwombe mtu alipige neno kwa mluzi. Mluzi hauna herufi, unabaki mpando na mshuko tu, unausikia vizuri kabisa. Kwa hiyo nikaenda Kalunguta, nikaketi katika jiko la shangazi wa mama yangu, nikaanza mwenyewe kupiga mluzi ili kumwonyesha. Bibi yule alishika mwiko.

"Mutoto mwanamuke anaita nyoka mu nyumba yangu? Toka inje!"

Nikatolewa nje mimi, daftari langu na mashine ya ofisi ya kunasia sauti. Nilisimama kwenye uwanja nikiwaza nitamwambia nini Mwalimu. Ilinibidi nirudi baadaye na chumvi na sabuni, nikaomba msamaha, ndipo tukapatana: badala ya mluzi tutanung'unika na midomo imefungwa, kama mama anayembembeleza mtoto. Kunung'unika kulifanya kazi vilevile, na hakuna nyoka aliyekuja. Tangu hapo hata Mwalimu Paluku mwenyewe akaacha mluzi.

Kosa la Alimbongo lilikuwa baya zaidi kwa sababu sikulijua mpaka daftari lilipojaa. Kule ni baridi, ukungu unaingia mpaka kwenye kikombe. Nilikaribishwa na mzee mmoja mkulima wa viazi, mpole sana. Nilikuwa natunga sentensi za Kinande kwa namna mbalimbali, namuuliza: inaweza kusemwa hivi? Ananijibu ndiyo. Na hivi? Ndiyo, mwanangu. Na hivi pia? Ndiyo kabisa. Siku tano nzima. Niliona nimegundua lugha inayokubali kila kitu. Siku ya kuondoka, mke wake alinisindikiza akicheka mpaka anashika mbavu.

"Mama Masika, ule muzee hapana kuangusha mugeni. Hata ungesema mbuzi inapanda muti na kitabu, angesema ndiyo tu."

Nilitaka ardhi inipasukie. Daftari zima halikuwa na maana. Tangu hapo sikumuuliza tena mtu mwenye heshima kama jambo linaweza kusemwa. Nauliza: mama yako angesemaje? Mtu yuko tayari kumridhisha mgeni, lakini hayuko tayari kumsingizia mama yake.

Haya mnayapenda, najua, nimeshawasimulia mara nyingi. Sasa nifike kwenye lile ninaloliruka.

Kaseti zilikuwa adimu. Zilitoka mbali, zilikuja chache, na kila safari tulizigawana kama dawa. Kwa hiyo Mwalimu Paluku aliweka utaratibu: ukishaandika maneno yote ya kaseti kwenye daftari, ukayakagua mara mbili, kaseti unaifuta na kuitumia tena. Alisema maneno yako kwenye daftari, kaseti ni chombo tu, kama sahani baada ya chakula. Mimi niliufuata utaratibu ule kwa bidii kuliko wote. Nilikuwa mtu wa wasiwasi, niliogopa kaseti isije ikakosekana. Tena nilikuwa na ujuzi nilioringia: mtu akianza kuacha maneno tuliyomuuliza, akianza kueleza habari za shamba lake, kukohoa, kucheka, kumwita mkewe, nilikuwa nabonyeza kitufe na kusimamisha. Nisingepoteza hata dakika moja ya mkanda. Wenzangu walinisifu, nami nilifurahi.

Hivyo nilifuta watu wengi. Nilibaki na maneno yao, masafi, yamepangwa kwa herufi. Sikulala vibaya hata siku moja kwa ajili hiyo.

Mwaka jana, nikiwa nimestaafu siku nyingi, alikuja hapa Mususa mwanamke kijana akitokea Beni. Jina lake Furaha, fundi wa kushona. Alikaa pale mnapokaa ninyi, akakataa chai, mikono yake imeshika mkoba wake kama mtu aliye hospitalini.

"Mama Masika, minasikia ulifanya kazi na papa yangu zamani. Yakobo, ya kule kupita Oicha."

Nilimkumbuka mara moja. Papa Yakobo, Mmvuba, mtu wa kakao, mcheshi, mwenye sauti nzito iliyokwaruza kidogo. Nilikaa kwake majuma matatu, barabara ile ilipokuwa bado ya kupitika. Alikuwa na mke Mnande na mtoto mchanga. Nikamuuliza Furaha, papa hajambo? Hapo hapo nikajilaumu, maana watu wa kule, kwa mauaji ya siku hizi, huwaulizi hivyo haraka.

"Alienda kuvuna kakao. Hakurudia. Bale benye alienda nabo, hata mumoja hakurudia. Mwili hatukuona."

Akanieleza pole pole. Mama yake alikwisha kufa kwa ugonjwa Furaha akiwa bado mdogo, na baba yake akamwacha Beni kwa ndugu wa mama ili asome. Kwa hiyo alikua akisema Kiswahili na Kinande; Kimvuba hakukijua. Nyumba ya kule iliungua na kila kilichokuwamo. Sasa familia imeamua kumaliza kilio, ili watu wavue nguo nyeusi na waendelee kuishi. Mnajua jinsi kilio kinavyomalizwa kwetu: kiti kinawekwa mbele, juu yake picha ya marehemu, watu wanasimama mmoja mmoja kumweleza maneno yao ya mwisho. Lakini Papa Yakobo hakuwa na picha. Ile moja iliyokuwapo ilikuwa kwenye kadi yake ya kura, naye aliondoka nayo mfukoni.

"Kaburi hatuna. Picha hatuna. Tutasema na kiti tupu? Shangazi ananiambia, kuna mama moja ku Butembo aliweka sauti ya Yakobo mu mashini. Donc nikasema nikuje."

Nilimwambia ndiyo, kaseti zake ninazo, ziko kwenye sanduku, anipe siku chache nizitafute. Huo ulikuwa uongo, au nusu ya uongo. Sikujua kama ninayo hata moja. Nilijua tu utaratibu wetu, na nilijua nani aliyekuwa hodari wa kuufuata.

Alipoondoka nilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Nilikaa sakafuni, umri huu, nikichambua kaseti moja moja. Kwenye kila kaseti kuna karatasi ya jina, na kwenye kila karatasi kuna majina yaliyokatwa kwa kalamu. "Kimvuba, Yakobo, hadithi ya mvua": imekatwa, chini yake "Kinande, Alimbongo". Ile ya Alimbongo! Siku tano za ndiyo, ndiyo, ndiyo za mzee wa viazi zilikaa juu ya hadithi ya Papa Yakobo. "Kimvuba, Yakobo, mazungumzo kuhusu ndoa": imekatwa, juu yake majina ya ndege ya lugha nyingine. Nililia pale sakafuni. Sikulia kwa sababu ya kazi, nililia kwa sababu nilikumbuka hadithi ile ya mvua ilivyokuwa ikichekesha, na mimi ndiye niliyeifuta huku nikinywa chai ofisini.

Chini kabisa niliipata moja ambayo jina lake halikukatwa. Mwandiko wangu wa ujana: "Kimvuba, Yakobo. Vitenzi: KUFA. Haijaandikwa."

Sasa niwaeleze maana yake. Tulikuwa na karatasi za maswali zilizotoka mbali, kwa Kifaransa, zenye orodha ya vitenzi vya kuuliza kila mahali: kula, kulala, kuja, kufa. Kitenzi cha kufa kilipendwa na waliotunga karatasi zile kwa sababu kila lugha duniani inacho. Unamwambia mtu aseme: nilikufa, ulikufa, alikufa, nitakufa kesho, mtoto wangu amekufa. Mimi niliuliza hivyo kwa watu bila kupepesa macho. Na kaseti hii haikufutwa kwa sababu sikuwa nimeiandika, na sikuiandika kwa sababu nilikumbuka tu kwamba kipindi kile kiliharibika, hakikufuata karatasi. Kiliharibikaje, nilikuwa nimesahau.

Basi hiyo ndiyo sauti pekee iliyobaki ya Papa Yakobo: kaseti ya kufa. Nilijiona nikimpelekea binti sauti ya baba yake ikisema nimekufa, nimekufa, nimekufa, kwa kutulia, mara tatu kila sentensi kama tulivyozoea kuwadai watu. Niliwaza kuitupa chooni na kumwambia hakuna kitu. Nawaambia kweli, niliishika mkononi nikasimama mlangoni.

Sikuitupa. Niliipeleka kwa Kakule, mtengeneza redio hapa karibu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akautazama mkanda kwenye mwanga, akafuta ukungu kwa pamba.

"Mama, iyi inaweza kuimba mara moja. Mara ya pili, siahidi. Inaweza kukatika, ao redio inaikula."

Akanifundisha yale ambayo ninyi hamtayahitaji, lakini sikieni: mkanda wa zamani hauchezwi moja kwa moja, unaupeleka mbele wote na kuurudisha nyuma kwa kalamu, kwa mkono, pole pole, ili ulegee. Huuweki juani, huuweki karibu na spika. Alinipa redio yake mwenyewe, akaijaribu kwa kaseti ya kwaya mara tatu ili nitulie. Sikutulia.

Nilifika Beni siku ya tano, yaani Ijumaa; kesho yake ndiyo siku ya kumaliza kilio. Njia nzima nilikuwa nimekumbatia kaseti ndani ya kitambaa, kila gari lilipopunguza mwendo nikifikiri tumefika mahali pabaya. Nilimkuta Furaha kwenye uwanja wa nyumba pamoja na shangazi yake, Mama Elizabeti, dada wa Papa Yakobo. Mama huyu naye alikimbia kutoka kule, na ndiye peke yake nyumbani pale anayejua Kimvuba. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alinisalimu bila kusimama, na sikumlaumu.

Nilipiga moyo konde nikawaambia kila kitu. Kwamba zilikuwa kaseti nyingi. Kwamba nilizifuta mimi. Kwamba imebaki moja, inaweza kuchezwa mara moja, na ina maneno ya kufa. Furaha akaniuliza:

"Donc mulifuta papa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Juu ya kuweka nini?"

Nilimjibu ukweli. Majina ya ndege. Mtu wa viazi. Aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akasimama amenipa mgongo. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimefukuzwa jikoni mara nyingi. Mama Elizabeti aliendelea na maharage yake. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Weka basi. Hata ya kufa. Tumeshazoea kufa. Nataka nisikie namna yake ya kusema."

Furaha akarudi, akaweka simu yake karibu na redio ili inase, akakaa chini. Nikabonyeza.

Kwanza ilikuja sauti ya kukwaruza, muda mrefu, mpaka nikadhani hakuna kitu. Kisha jogoo. Kisha sauti ya mwanamke kijana mwenye haraka, ambayo kumbe ni mimi: "Papa Yakobo, sasa tunaendelea. Sema: mimi nilikufa jana."

Kisha yeye. Sauti ileile nzito, ya karibu, kama amekaa nasi. Furaha alijiziba mdomo.

"Mimi hapana sema ile."

"Ni mufano tu, papa. Ni ya kuandika."

"Najua ni ya kuandika. Mais ukishaandika, neno inabakia. Mimi niko muzima, muke yangu iko muzima, mutoto iko muzima. Hapana kuleta kifo mu kinywa ya mutu wa nyumba hii. Andika ingine."

Unanisikia nikigeuza karatasi, unasikia hasira yangu ndani ya karatasi zile. Nilikuwa naogopa Mwalimu Paluku atasema nini. Nikamwambia, basi papa, chagua neno wewe mwenyewe. Akacheka. Alicheka kicheko kizima, na siku ile kidole changu kilisahau kusimamisha.

"Tuweke kuja. Mutoto na mama yake beko Beni kwa nyanya, banakuja siku ya tano. Tuweke ile. Uliza."

Nikauliza kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kimvuba, kila jibu mara tatu. Sauti yangu ya ujana, kavu kama ya karani: "Furaha anakuja." Naye akasema, na katikati ya maneno yale ya Kimvuba jina lilisikika wazi. "Furaha alikuja jana." Mara tatu. "Furaha atakuja kesho." Mara tatu. "Furaha anakuja na mama yake." "Furaha anakuja kwa mguu." Hapo akacheka tena, akaniambia kwa Kiswahili, "Iko na miezi mine, atatembea namna gani?" lakini akasema vilevile, kwa sababu alikuwa mtu wa kusaidia. "Furaha hajakuja."

Furaha mkubwa, aliyekaa chini kando yangu, alikuwa analia bila sauti. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa kwamba sina haki. Yeye ndiye aliyenishika mimi, kwa nguvu, kama mtu anayezuia mwingine asiondoke.

Mnajua kwa nini sikuiandika kaseti ile? Kwa sababu niliona haina faida. Karatasi ilitaka kufa, mimi nikarudi na kuja. Nilificha kaseti chini kabisa ndani ya sanduku ili Mwalimu asiione. Yaani kilichomwokoa Papa Yakobo si ujuzi wangu wala bidii yangu, ni uzembe wangu wa siku moja. Kumbukeni hivyo mtakapofunza wengine. Acheni mkanda uende. Simu zenu hazijai upesi kama kaseti zetu; acheni mtu akohoe, amwite mkewe, aseme habari za shamba. Maneno mtayapanga baadaye.

Mkanda ulikuwa karibu kwisha, niliuona umekuwa mwembamba upande mmoja. Sauti yangu ikasema, "Aksanti papa, tumemaliza." Lakini yeye hakuwa amemaliza. Akaongeza sentensi moja, kwa hiari yake, ambayo sikumwomba. Maneno yalikuwa yaleyale, ambayo bado ninayajua; mpando wa mwisho tu ndio ulioonyesha kwamba ni swali. Je, Furaha amekuja? Akalisema kama nilivyomzoeza. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

Mara ya tatu Mama Elizabeti alisukuma ungo wa maharage pembeni, akainama juu ya redio, akaijibu kwa Kimvuba, kwa ukali kidogo, kama dada anavyomjibu mdogo wake anayeuliza kitu kilekile kutwa nzima. Mkanda ukaisha, kitufe kikaruka chenyewe.

"Anamuambia nini?" Furaha akaniuliza.

Nikamtafsiria neno kwa neno, nisiongeze wala nisipunguze.

"Alikuja, Yakobo. Alikuja zamani. Iko hapa na mimi, amekaa."